Aliomba chumba hadi saa sita usiku

Wanafunzi wawili wanaolala chumba kimoja cha bweni, tena waliojuana wiki ya kufungua chuo, hawana faragha ila ile wanayopeana wenyewe. Ndiyo maana kesi ya Rutgers, chuo kikuu cha New Jersey nchini Marekani, bado inaniuma. Septemba 2010 Tyler Clementi, kijana wa miaka 18, alimwomba mwenzake wa chumbani, Dharun Ravi, amwachie chumba hadi saa sita usiku. Ravi akatoka. Akiwa chumba cha jirani akaiwasha kwa mbali kamera ya kompyuta yake, akamwona Clementi akibusiana na mwanamume, akalitangaza Twitter. Siku mbili baadaye akaalika wengine watazame, ingawa safari hiyo haikufanikiwa. Clementi aliyasoma, akaomba kuhamishwa chumba. Tarehe 22 alijitoa uhai.

Ravi hakushtakiwa kwa kifo hicho. Mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 15, yakiwemo kuingilia faragha na vitisho vya kibaguzi, akahukumiwa kifungo cha siku 30. Wengi waliona adhabu ni ndogo mno. Wengine, wakiwemo baadhi ya watetezi wa haki za mashoga, walisema kijana asitwishwe lawama ya jamii nzima.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Sheria ya jimbo wakati ule iliruhusu mtu ahukumiwe kwa jinsi aliyetendewa alivyolielewa tendo, hata kama mtendaji hakukusudia ubaguzi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya New Jersey ilikifuta kifungu hicho. Mwaka uliofuata hukumu ya Ravi ikatenguliwa, naye akakiri kosa moja tu, la kujaribu kuingilia faragha. Naona ilikuwa haki: nia ya mtu ithibitishwe, isikisiwe.

Kuna pia hoja kwamba chumba kilikuwa chake vilevile, na kompyuta ni yake. Hii siikubali. Alikuwa na haki ya kusema hatoki. Kutoka kwa hiari kisha kuchungulia ni kuivunja ahadi aliyoitoa mwenyewe, na hapo kosa limetimia, awe ana chuki au hana.

Lakini kosa hilo lisingekuwa na makali yale kama aliyechunguliwa angekuwa na msichana. Katika maneno aliyoyaandika Ravi, habari yenyewe ilikuwa kwamba mgeni ni mwanamume. Aibu ilikwisha kutayarishwa na jamii kabla yeye hajagusa kompyuta. Hakuhitaji kumchukia Clementi ili aitumie. Kwa hiyo swali la kama alikuwa mbaguzi moyoni, lililobishaniwa miaka sita, linaeleza kidogo sana kilichotokea chumbani mle.

Ravi alimwandikia Clementi ujumbe kwamba alijua anapenda wanaume na hana tatizo na hilo. Huenda alimaanisha. Ujumbe huo aliutuma jioni ya tarehe 22.