Kupunguza dozi ya tibakemia si kumpunja mgonjwa

Mama mwenye saratani ya titi anatoka Kondoa alfajiri, anafika Dodoma siku ya 21 ya mzunguko wa tibakemia, yaani dawa za kuua saratani anazopewa kila wiki tatu, anatolewa damu. Majibu: chembe nyeupe zimeshuka, arudi wiki ijayo. Nauli yake na ya msindikizaji imekwenda, dawa hakupata. Mzunguko unaofuata daktari akimpunguzia dozi ili asikwame tena, nyumbani wanasema kapunjwa.

Hofu hiyo ina msingi. Mtafiti Bonadonna na wenzake wa Milan, Italia, katika matokeo ya miaka 20 waliyochapisha mwaka 1995, walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya titi waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa walinufaika, na waliopata chini ya asilimia 65 hawakuwa na nafuu kuliko waliofanyiwa upasuaji peke yake. Kwa saratani inayoweza kuponywa kabisa, kama limfoma (saratani ya tezi za limfu) au saratani ya korodani, kupunguza dozi ovyo ni kuchezea nafasi ya kupona.

Lakini wanaosema "ngoja, apewe dozi kamili" mara nyingi hawapigi hesabu ya muda. Chukua doksorubisini, mojawapo ya dawa za tibakemia, miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila siku 21: ni miligramu 20 kwa wiki. Punguza asilimia 20 na tarehe ibaki ileile, zinakuwa 16. Sasa acha dozi kamili, ila kila mzunguko ucheleweshwe wiki moja: ni 15 tu. Aliyepata "dozi kamili" amepata pungufu kwa wiki kuliko aliyepunguziwa! Watasema jumla ya dawa ni ileile. Ni kweli, ila uvimbe nao haukulala katika wiki zile za ziada. Kuchelewa mara moja tu katika mizunguko minne si janga, bado ni zaidi ya asilimia 92. Linaloumiza ni kuchelewa kunakogeuka mazoea.

Tena, kabla ya kuahirisha au kupunguza, je, damu imeshuka kweli? Chembe nyeupe 2.9 (elfu kwa mikrolita moja ya damu), na kati yake nyutrofili, zile zinazopambana na bakteria, asilimia 45: zidisha, unapata nyutrofili 1.3. Kwa kigezo cha 1.5 anarudishwa nyumbani. Kwa kigezo cha 1.0, kinachotumika pia, anatibiwa. Na Waafrika wengi kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, hali inayoendana na nyutrofili chache katika damu ilhali uboho, yaani ute wa mifupa unaotengeneza damu, ni mzima. Kama kabla ya tiba mama huyu alikuwa na 1.4, basi 1.3 maana yake uboho wake umesharudi. Kumngojesha afike 1.5 ni kumdai kitu ambacho hata akiwa mzima hakuwa nacho.

Hatari yenyewe iko kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, nyutrofili zinapofika chini kabisa na mgonjwa yuko kijijini. Joto la 38.3, au 38 linalodumu saa moja, huku nyutrofili zikiwa chini ya 0.5, ni dharura ya antibayotiki za mshipa ndani ya saa moja. Aliyewahi kupata homa hiyo ndiye wa kupunguziwa asilimia 20 hadi 25 pale lengo ni kutuliza ugonjwa. Kama lengo ni kuponya, filgrastimu, sindano inayochochea uboho kutengeneza nyutrofili, itangulie: mikrogramu 5 kwa kilo kila siku, kuanzia saa 24 hadi 72 baada ya tibakemia, kamwe si siku ya kuamkia tibakemia. Kikwazo ni baridi: hukaa nyuzi 2 hadi 8, na anayerudi Manyoni na sindano tano anahitaji jokofu au zahanati yenye nalo.

Kwa wanaotoka mbali, damu ipimwe hospitali ya wilaya siku moja au mbili kabla ya safari, na majibu yatumwe kwa simu yakiwa na asilimia ya nyutrofili. Zikiwa 0.9, apime tena baada ya siku tatu badala ya kusubiri wiki nzima. Na kwenye kadi yake iandikwe nyutrofili za kabla ya tiba, dozi iliyopunguzwa na sababu yake, ili daktari wa zamu inayofuata asianze kukisia.