Mwachieni Mtoto wa Fizikia Historia Yake

Jumamosi iliyopita nilihudhuria mkutano wa wazazi wa Gredi ya 9 kwa niaba ya dada yangu, ambaye kazi haikumpa nafasi. Ajenda ilikuwa moja tu: uchaguzi wa mikondo ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12. Mwalimu aliyesimama kutuelekeza alisema, kwa upole na kwa nia njema kabisa, kwamba watoto wenye vichwa waende STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na hao wengine "tutawatafutia mahali kwenye Sayansi ya Jamii." Wazazi wakapiga makofi. Mpwa wangu alikuwa ameketi kando yangu. Ni msichana anayeweza kukusimulia jinsi Mekatilili wa Menza alivyotoroka kifungoni magharibi mwa Kenya akarudi kwao Giriama, pwani, kwa miguu, na kukueleza kwa nini Waingereza walimwogopa mwanamke asiye na bunduki. Aliinamisha kichwa. Hasira niliyotoka nayo pale haijapoa hadi leo.

Simlaumu mwalimu yule peke yake. Anayasema yaliyoshuka kutoka juu. Tangu tuanze kuelezwa habari za mikondo hii, hesabu imekuwa ile ile: asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi ya Jamii, 15 Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto anasoma masomo ya lazima, kisha anachagua mengine matatu kulingana na mkondo wake. Akichukua Fizikia, Kemia na Biolojia, basi Maarifa ya Jamii aliyoyasoma Gredi ya 9 yanakuwa ndiyo ya mwisho maishani mwake. Hapo ana miaka 14 au 15. Kitambulisho bado, kura bado, na shule imeshafunga mlango wa kumfundisha nchi yake ilitoka wapi na inaendeshwaje.

Chini ya 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia huu, pamoja na makosa yake yote, wengi wetu tulisoma Historia na Serikali Kidato cha Kwanza na cha Pili. Hata aliyekazania sayansi hakuweza kujisajili kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, bila angalau somo moja la kundi la tatu, yaani Historia, Jiografia au somo la dini. Ulinzi huo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo.

Kumbukeni yaliyotokea kwa Hisabati. Ilipojulikana kwamba haitakuwa ya lazima kwa mikondo yote, nchi nzima ilipiga kelele: wazazi, walimu, wahadhiri, wanasiasa. Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, STEM wakipewa ile nzito na wengine ile nyepesi. Nilifurahi, na bado nafurahi. Mtoto wa fasihi anahitaji kujua riba ya mkopo inavyomla. Lakini Historia na Uraia ilipoachwa iwe somo la kuchagua, kelele za namna ile sikuzisikia. Tulikubaliana haraka kwamba mwanahistoria hawezi kuishi bila hesabu. Mbona hatukuuliza kama mhandisi anaweza kufanya kazi bila historia?

Mimi nasema hawezi, na nitawaeleza kwa kisa kimoja.

Kuanzia 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 kubeba kipande. Kilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Bila sahihi ya mwajiri kuonyesha amekuachilia, kupata kazi kwingine ilikuwa shida, na kukutwa huna kipande kulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku alipopinga kipande, kodi na kazi ya shuruti iliyowakumba hata wanawake na wasichana, walimkamata. Tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume waliokuwa wakitaka kurudi nyumbani, aliuawa pale pale.

Sasa njooni 2019. Serikali inatusajili kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu. Sheria iliyopitishwa ilifungua mlango wa kuchukua hata DNA zetu na alama za GPS za mahali tunapoishi. Miongoni mwa waliokimbilia mahakamani ni Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi. Kwa nini Wanubi? Kwa sababu mababu zao waliletwa hapa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, wakapewa makazi Kibera, na baada ya uhuru wajukuu zao wakawa wanapitishwa mbele ya kamati za kuwahoji kabla ya kupewa kitambulisho, mahojiano ambayo jirani zao wengi hawakuwahi kuyapitia. Wanubi walijua, kwa maisha yao wenyewe, mtu asiye na karatasi hufanywa nini na dola. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa DNA na GPS, ikasema usajili uendelee iwapo tu kutawekwa kanuni za kutosha. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari zake kwa data za watu. Fedha zilikuwa zimeshatumika. Foleni tulikuwa tumeshapiga.

Mfumo wa aina ile hauwezi kujengwa bila watu wa kompyuta na wa takwimu, watoto wetu waliofaulu vizuri kabisa. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba kijana aliyefundishwa kipande kilikuwa nini, na akafundishwa Mnubi wa Kibera au Msomali wa Garissa amekuwa akiulizwa nini kwenye ofisi ya chifu, angenyoosha mkono siku ya kwanza ya kikao na kuuliza: na yule asiye na cheti cha kuzaliwa tumemwekea njia gani? Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha kompyuta. Limo katika Historia na Uraia. Na sasa tumepanga kwamba vijana watakaojenga mifumo inayofuata wanaweza kufika chuo kikuu bila kufunguliwa kurasa hizo tangu wakiwa na miaka 15.

Ningeweza kuwaeleza pia Hola, kambi ya kizuizini ya wakoloni kule Tana River. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo kwa sababu walikataa kazi ya shuruti katika mradi wa umwagiliaji, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Mifereji ya Mwea nayo ilianza kuchimbwa na watu waliokuwa kizuizini miaka hiyo ya hamsini. Mtoto anayeota kuwa mhandisi wa maji Kenya asiyeyajua haya ataingia Tana River na ramani nzuri, asielewe kwa nini wazee wanamtazama kwa mashaka anapotamka neno "mradi".

Nina rafiki, mhandisi wa barabara, mtu makini na mwadilifu. Mwaka fulani nilimshawishi tuende kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Alisimama akamkabili MCA, mwakilishi wa wadi yetu, kwa ujasiri, akadai kujua kwa nini shule ya sekondari ya pale kwetu haina madarasa. MCA akamjibu kwamba hiyo si kazi ya kaunti, na ukumbi ukacheka. Rafiki yangu hakurudi tena kwenye vikao hivyo. Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi wazi: kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na barabara za kaunti, na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Aliyefika Kidato cha Nne akisoma Historia na Serikali alifundishwa sura nzima ya ugatuzi na nyingine ya mapato na matumizi ya serikali. Rafiki yangu aliacha somo hilo Kidato cha Pili, kabla hajazifikia. Siku ile bajeti ya mamilioni ilipita bila mtu hata mmoja kuuliza swali lililopaswa kuulizwa, na aliyekuwa na kichwa cha kuzichambua zile tarakimu alikuwa ameshatoka nje kwa aibu.

Jiografia nayo? Aliyeelewa mkondo wa maji na mwinuko kwenye ramani hahitaji kusubiri msiba wa mafuriko ya Mai Mahiu wa Aprili 2024 ndipo ajue bonde la mto si pahali pa kulala.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba historia tuliyofundishwa mara nyingi ilikuwa ya kukariri. Taja sababu tano. Eleza matokeo sita. Tulimeza Meroe, Kilwa na Asante kwa ajili ya karatasi ya mtihani, tukazitapika wiki iliyofuata. Nakubali pia kwamba nchi inahitaji madaktari na wahandisi wengi kuliko ilionao, na kwamba maabara zetu ni aibu. Na ndiyo, kwenye mtaala mpya kuna mafunzo ya huduma kwa jamii, ambayo wenye mtaala huyataja kila tunapouliza kuhusu uraia. Kupanda miti na kufagia soko ni jambo jema. Lakini kijana anaweza kufagia soko miaka mitatu asijue nani anakusanya ushuru wa soko lile na unakwenda wapi.

Juni 2024 tuliwaona vijana wakiusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakitembea na Kifungu cha 37 cha Katiba, kinacholinda haki ya kuandamana, kwenye simu zao. Wengine hawakurudi kwao. Mswada uliondolewa. Wengi wao walipita katika madarasa ya 8-4-4 ambako angalau kwa miaka miwili mtu aliwaambia kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Watakaowafuata tunataka wayajue haya kwa bahati, mitandaoni, kutoka kwa yeyote atakayewahi kuwafikia kwanza?

Ninachotaka si kikubwa. Vipindi viwili kwa wiki vya Historia na Uraia kwa mikondo yote mitatu, hadi Gredi ya 12, bila mtihani wa kitaifa. Mtoto apimwe kwa kazi anayoifanya mtaani kwake: afuatilie mgao mmoja wa bajeti ya wadi mpaka ajue pesa ziliishia wapi, au amhoji mzee kuhusu shamba lililochukuliwa na aandike alichosikia, kisha akitafute kwenye nyaraka. Kama Hisabati ilipata toleo la STEM na toleo la wengine, Historia haishindwi.

Na nyinyi wazazi wa Gredi ya 9 mwaka huu, kabla hamjajaza fomu, nendeni kwenye shule mnayoitaka. Maabara mtaonyeshwa bila kuomba. Ulizeni mwalimu wa historia ni nani, ana vipindi vingapi, na kama mtoto wa STEM anaruhusiwa kuingia darasani kwake. Ukijibiwa kwamba mwalimu wa historia ndiye huyo huyo wa CRE (somo la dini ya Kikristo) na wa Kiswahili, na kwamba mtoto wa Fizikia hana haja naye, iandikie bodi ya shule barua, utie sahihi, na uwatafute wazazi wengine watie zao.