Rejea Ambayo Hukuifungua

Juzi kijana anayeandika tasnifu aliniletea sura yake ya pili niipitie. Kurasa 28, marejeo 62. Nikamwuliza juu ya moja tu, makala ya jarida ya mwaka 1987: "Hii umeisoma?" Akasema hapana, aliikuta kwenye orodha ya marejeo ya mtu mwingine. Kisha akaongeza lililoniuma zaidi: msimamizi wake alimwambia marejeo ni machache, ayaongeze.

Nilikasirika, lakini yeye sikumkasirikia. Sisi tuliomtangulia ndio tuliomzoesha kuona rejea kama pambo la kazi. Ukiandika jina la mtu na mwaka, unamwambia msomaji kwamba umefika pale na kuona kwa macho yako. Ukinakili rejea ya mwenzako, unatoa ushahidi wa jambo ulilosimuliwa tu.

Anayedhani haya ni madogo akumbuke barua ya mwaka 1980 katika New England Journal of Medicine, jarida la tiba la Marekani. Ni barua fupi, aya moja, wala si utafiti kamili. Waandishi wake walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, waliopata uraibu, kati ya wale wasio na historia yake, walikuwa 4. Wagonjwa hao walikuwa wamelazwa, dawa wakipewa chini ya uangalizi wa hospitali. Mwaka 2017 watafiti walifuatilia barua hiyo wakakuta imetajwa mara 608. Zaidi ya asilimia 70 ya walioitaja waliifanya ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na asilimia 80 hivi hawakusema kwamba wagonjwa wale walikuwa wodini. Aya moja! Kuisoma hakumalizi hata dakika mbili. Wakati huohuo dawa hizo zilikuwa zikiandikiwa watu wa kwenda nazo nyumbani, na Marekani imezika watu wengi mno. Barua peke yake haikuleta maafa hayo, lakini ilitumika kuwatuliza madaktari waliopaswa kuwa na hofu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba makala nyingi zimefungiwa nyuma ya malipo na mwanafunzi hana uwezo. Basi amwandikie mwandishi barua pepe. Wengi hutuma nakala bure, na kwa furaha. Akikosa kabisa, aandike wazi "imenukuliwa katika" na amtaje aliyemsoma kweli. Hakuna aibu hapo. Ikisiri nayo, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, isihesabiwe kuwa makala.

Wikipedia? Anzia hapo, kisha shuka kwenye vyanzo vyake.

Programu za akili mnemba ni hatari ya aina yake, kwa sababu hutunga makala zisizokuwapo, zikiwa na majina na miaka inayoaminika kabisa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi za kubuni walizopewa na programu ya aina hiyo. Nao wangeepuka kwa njia ileile: kufungua na kusoma.

Kijana nimemrudishia sura yake. Atabaki na yale aliyoyasoma, hata yakiwa 20. Msimamizi akimwuliza mengine yamekwenda wapi, amjibu kwamba hakuyasoma.