Lipulekh isijadiliwe bila Nepal

Agosti 2025, India na China zilikubaliana kufungua tena biashara ya mpakani kupitia vipito vitatu vya milima ya Himalaya, kimojawapo kikiwa Lipulekh. Kufungua njia ni jambo jema. Lakini Nepal inadai Lipulekh ni ardhi yake, na haikushirikishwa. Mwaka 2015 ilikuwa vilevile: wakubwa wawili walipatana, serikali ya Nepal huko Kathmandu ikabaki kulalamika. Kwangu hilo ni dharau, hata likipambwa kwa lugha ya ujirani mwema.

Chanzo cha mgogoro huu ni Mkataba wa Sugauli wa 1816. Kampuni ya East India ya Waingereza ilikuwa imeishinda Nepal vitani, na mto Kali ukafanywa mpaka wa magharibi. Mkataba haukutaja mto huo unaanzia wapi! Nepal inasema ni Limpiyadhura, magharibi zaidi, India inasema ni chemchemi za Kalapani, karibu na kipito. Ukifuata dai la kwanza, Lipulekh, iliyo zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ni ya Nepal. Ukifuata la pili, ni ya India. Tangu vita vya India na China vya 1962, walinzi wa India wako Kalapani, na Mei 2020 India ilizindua barabara ya kuelekea kwenye kipito, njia ya mahujaji wanaokwenda Mlima Kailash. Wiki chache baadaye Nepal ilibadilisha ramani yake ionyeshe eneo hilo kuwa lake, kisha katiba.

Hasira ya Nepal naielewa. Ila ramani mpya, hata ikichapwa kwenye noti ya rupia 100, haijamsaidia mfanyabiashara wa Tinkar. Wabyansi, watu wa bonde la Byans, wa vijiji vya Chhangru na Tinkar, upande wa Nepal, ni ndugu wa damu na wenzao wa Garbyang na Gunji, walio chini ya India. Wazee wao walivusha nafaka hadi soko la Taklakot huko Tibet na kurudi na chumvi na sufu. Hao ndio waliozijua njia hizi kabla ya jeshi lolote, na hao ndio nisiowasikia wakiulizwa.

Mwaka 2014 India na Nepal ziliwapa makatibu wao wa mambo ya nje kazi ya kutatua suala la Kalapani. Kazi hiyo imelala. India iifufue sasa, kabla ya kuvusha mzigo wowote, na wazee wa Byans waalikwe kutoka pande zote mbili za mto.