Flashi ya Seva na Nyimbo za Mzee

Flashi yenyewe ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, GB 8, nami ndiye niliyeichomeka nyuma ya seva ya ofisi. Humo nilisimika ESXi 6.5, haipavaiza, yaani programu inayoigawa seva moja ikafanya kazi kama seva kadhaa. Enzi hizo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Ni toleo la 7 la mwaka 2020 lililokuja na tabia ya kuandikaandika hadi flashi za watu zikachoka. Diski zote niliziachia mashine pepe, yaani hizo seva kadhaa za ndani, za uhasibu na mafaili.

Bosi akaniuliza kama kweli kampuni nzima inaning'inia kwenye kidude kile. Nikamtolea mhadhara: ESXi ikishawaka huwa imejipakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya seva, flashi inabaki kama ufunguo tu. "Hata ukiichomoa, bosi, seva haitajua!"

Dereva wetu, mzee wa watu, alikuwa amekaa pale akisubiri kutumwa benki.

Ndani ya seva, kwenye ubao mama, kulikuwa na tundu la USB lililowekwa makusudi kwa kazi hiyo. Kufungua kifuniko niliona uvivu.

Jumatatu moja nikakuta onyo la njano kwenye skrini: mawasiliano na kifaa cha kuwashia yamepotea. Mashine zote zinafanya kazi, wahasibu wanacheka. Nikaliondoa lile onyo, nikaenda kunywa chai na chapati.

Siku 11 seva ikatembea bila flashi. Mhadhara wangu ulikuwa wa kweli, neno kwa neno.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiandaliwa, umeme ukakatika. Betri ya UPS ikalia mara tatu ikazimika. Umeme uliporudi, seva ikaandika kwamba haioni cha kuwashia. Nikazunguka nyuma na tochi ya simu. Tundu tupu, linanitazama.

Nikaanza kuhoji watu kama mjumbe wa nyumba kumi aliyeibiwa kuku. Dada wa usafi akaapa kwa wazazi wake wote wawili. Mara nikasikia taarabu inatoka uani, kwenye gari la ofisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo flashi kwenye redio umeitoa wapi?"

"Pale kwenye lile dude la kelele. Si ulisema likichomolewa halijui?"

"Mzee, ilikuwa na vitu ndani!"

"Haikuwa na kitu. Kijana wa steshenari alipoichomeka, kompyuta ikasema haiisomi, iformatiwe. Akabonyeza ndiyo, akanijazia nyimbo 140."

Mipangilio yote ya ESXi ilikuwa humo. Nakala ya akiba, ambayo nilikuwa najivunia sana, niliihifadhi kwenye mashine ya mafaili, iliyokuwa ndani ya seva isiyowaka.

Saa mbili usiku, maduka yamefungwa, flashi nyingine hakuna. Nikaichomoa ile ile katikati ya ubeti. CD ya kusimikia ilikuwa kwenye droo. Ikanionya kwamba vilivyomo vitafutwa. Nikabonyeza F11 bila kupepesa. Diski zilikuwa salama, kwa hiyo nikasajili mashine moja moja, nikapanga mtandao upya kwa kukumbukakumbuka anwani za IP. Nilimaliza saa saba usiku. Safari hii nilifungua kifuniko, flashi ikaenda ndani, nikakaza skurubu zote.

Jumatatu mzee akanifuata mbele ya bosi.

"Mwanangu, flashi yangu."

"Mzee, ilikuwa ya seva. Na nyimbo zimefutika."

Akanitazama muda mrefu. "Mimi niliikuta tupu. Wewe umeikuta ina vitu, ukafuta."

Nikamgeukia bosi anisaidie. "Hapo," bosi akasema, "mzee ana hoja."

Nilimnunulia nyingine, ya GB 16, akaipokea kwa mikono miwili. Lakini hadi leo nikipanda gari lake anazima nyimbo, ananiwekea redio, matangazo ya vifo.