Premiamu au ya kawaida? Escalade ya shemeji na senti 80 za kila galoni

Shemeji yangu anaendesha Cadillac Escalade ya mwaka 2016 hapa Houston. Aliinunua mkononi kwa mtu, ikiwa imeshakula maili 90,000 na kitu, na kazi yake ni kubeba abiria: anawachukua uwanja wa ndege wa George Bush, anawapeleka mjini au anawashusha Galveston kwenye meli za utalii. Kwa wiki anapiga maili 1,000. Jumamosi moja ya Julai nilikuwa naye sheli. Pampu ilikuwa na vitufe vitatu: 87, 89 na 93. Ya 87, ndiyo ya kawaida, ilikuwa dola 3 kamili. Ya 93, ndiyo premiamu, dola 3 na senti 80. Akabonyeza 93 bila kusita. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Shemeji, gari la wakubwa halilishwi mihogo."

Tukabishana mpaka tangi likajaa, na tangi lile si dogo. Tangu siku hiyo nimelipa suala hili muda wangu, kwa sababu watu wetu wengi huku wanaomiliki magari haya makubwa ya kifahari si matajiri. Ni watu wa kazi. Gari ndilo jembe lao, na senti 80 kwa galoni ni ada ya mtoto.

Kwanza kuna dhana moja ya kuondoa, maana ndiyo inayouza petroli hii kuliko tangazo lolote: kwamba premiamu ina nguvu zaidi ndani yake. Haina. Galoni ya 93 na galoni ya 87 hutoa joto linalokaribiana sana. Namba hiyo ya pampu, iitwayo oktani, inapima uvumilivu wa petroli inapobanwa. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, na hewa ikibanwa hupata joto. Ukishawahi kujaza upepo baiskeli kwa mkono ukagusa ncha ya pampu, unalijua joto hilo. Petroli isiyo na uvumilivu hulipuka yenyewe kwenye kona ya silinda kabla moto uliowashwa na plagi haujaifikia. Mlipuko huo hupiga kuta za silinda, na wewe uliye kwenye usukani unasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. (Tusichanganye na ile "injini imenoki" ya mafundi wa nyumbani, ambayo mara nyingi ni beringi za krenki zimekwisha. Lakini kugonga huku nako kukiachwa muda mrefu huharibu pistoni.)

Sasa, mhandisi anayetaka nguvu nyingi kwenye petroli kidogo hubana zaidi. V8 ya lita 6.2 ya Escalade hubana kwa uwiano wa 11.5 kwa 1. Magari mengine hutumia turbo, ambayo husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, na matokeo ni yaleyale: joto na mgandamizo mkubwa unaodai petroli yenye subira. Zamani ungekosea petroli ungeisikia injini ikilalamika siku nzima. Siku hizi kuna sensa ndogo, yaani kifaa cha kuhisi, iliyofungwa kwenye bloku ya injini inayosikiliza mtikisiko. Ikisikia dalili ya kugonga, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi kwa nyuzi chache, kugonga kunakoma, na nguvu inashuka kidogo. Dereva hana habari.

Ni sensa hiyo iliyomwezesha mtengenezaji kuandika kwenye kitabu cha gari neno moja kati ya mawili: premiamu "inahitajika" au premiamu "inapendekezwa". Mjadala wote unasimama hapo, na bado sijakutana na mtu anayebishana sheli akiwa amekifungua kitabu.

Kama kitabu kinasema inahitajika, kama ilivyo kwa Mercedes-Benz GLE inayouzwa huku, mimi sina la kupima. Jaza premiamu. Kompyuta hurudisha cheche nyuma hadi mahali fulani tu, na mtengenezaji ana haki ya kukataa kulipia injini iliyoharibiwa na petroli aliyoikataza. Anayeona bei inamuumiza alipaswa kuiona kabla ya kusaini mkopo.

Kama kitabu kinasema 87 inatosha, basi napo hakuna mjadala, hata kama gari lina viti vya ngozi na nembo inayong'aa. Lexus RX 350 ya mwaka 2017 ni ya kifahari na inaridhika na 87. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2016 kwa magari yaliyotengenezwa kwa 87: hakikuona faida ya maana, si kwa nguvu, si kwa ulaji wa mafuta, si kwa moshi. Kilikadiria pia kwamba katika miezi 12 Wamarekani milioni 16.5 walikuwa wamemwaga zaidi ya dola bilioni 2.1 kwenye premiamu ambayo magari yao hayakuiomba. Dola bilioni mbili zimekwenda kwenye imani kwamba cha bei ghali ni zawadi kwa gari.

Shida ni kundi la katikati, la "inapendekezwa". Acura MDX imo, na Escalade ya shemeji imo. Kitabu chake kinapendekeza premiamu, kinakubali 87, na kinakiri kwamba kwa 87 kasi ya kuchomoka na ulaji wa mafuta vitaathirika. Vinaathirika kiasi gani? Bahati nzuri AAA walirudi maabara mwaka 2017 wakapima magari sita ya kundi hili hili, na moja lilikuwa Escalade ya 2016, gari lilelile. Kwa wastani premiamu iliboresha ulaji wa mafuta kwa asilimia 2.7 na nguvu ya injini kwa asilimia 1.4. Audi A3 ilikula zaidi kidogo kwenye premiamu. Lakini Escalade ndiyo iliyofaidika kuliko zote kwenye ulaji wa mafuta: asilimia 7.1.

Nilipomsomea namba hiyo shemeji alinyanyuka kwenye kochi. Nikamwomba akae tufanye hesabu, tukaifanya nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe Escalade inakwenda maili 17 kwa galoni moja ya 87. Maili 1,000 zinataka galoni 59 hivi, dola 177. Tuipe premiamu asilimia zake zote 7.1: galoni zinashuka hadi 55, lakini kwa dola 3.80 zinakuwa dola 209. Kila wiki anazidisha dola 32. Kwa wiki 50 za kazi ni dola 1,600, na hapo tumelipa gari faida kubwa iliyopatikana kwenye vipimo vilivyoiga kuvuta trela, kubeba mizigo na kukanyaga mafuta kwa nguvu. Barabara za Houston ni bapa kama meza. Mwendo wake wa kawaida, nusu yake ni foleni, haufiki huko.

Ili petroli ya asilimia 7.1 ijilipe yenyewe, tofauti ya bei isizidi asilimia 7.1. Kwenye bei ya dola 3 hiyo ni senti 21. Sheli ilikuwa inatudai senti 80. Hoja ya kwamba premiamu "inarudisha hela yake" kwa hiyo imekufa, hata kwa gari lililofaidika kuliko yote.

Lakini shemeji hakuwa na hoja hiyo peke yake, na zilizobaki hazikuwa nyepesi.

Joto ndiyo nzito zaidi. Mchana wa Agosti Houston hupita nyuzi 35 za selsiasi mara nyingi, lami inatoa mvuke, na gari la abiria wa kulipia haliruhusiwi kuwa na joto ndani. Kiyoyozi kiko juu kabisa, gari limesimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege, kisha wanaingia watu sita na masanduku yao na wote wana haraka. Hewa inayoingia kwenye injini ni ya moto, mzigo ni mkubwa, na hapo ndipo petroli huishiwa uvumilivu. Kompyuta itaikinga injini, ndiyo, lakini kwa kuchelewesha cheche. Na cheche ikichelewa, sehemu ya joto ambalo lingesukuma pistoni hutokea kwenye ekzosi. Katalaiza, kile kifaa cha kusafisha moshi, inafanya kazi kwenye joto kubwa zaidi. Mara moja kwa wiki si kitu. Siku sita kwa wiki, miaka minne, kwa gari ambalo halina gari la akiba nyuma yake, naelewa kwa nini mtu anataka kulipa ili alale usingizi.

Nguvu nayo si hadithi. Mazda wenyewe walichapisha namba mbili za CX-9 yao ya turbo: farasi 250 kwa petroli ya 93, farasi 227 kwa 87. Farasi 23 si za kupuuza unapoingia barabara kuu huku lori linakuja nyuma. Anayenunua gari kwa ajili ya nguvu hiyo kisha akaibania petroli amelipia kitu asichokitumia, na akiniambia premiamu ni sehemu ya starehe aliyoinunua, sina cha kumjibu. Starehe haitetewi kwa hesabu. Ninayepingana naye ni yule anayeiita starehe hiyo akiba.

Kuna hoja moja ya mafundi ambayo siikubali: kwamba premiamu "inasafisha injini". Kinachosafisha ni sabuni inayochanganywa ndani ya petroli, na oktani haihusiki. Tangu 2004 baadhi ya watengenezaji magari, wakiwemo BMW, Honda, Toyota na General Motors, wana kiwango chao kiitwacho Top Tier kinachodai sabuni nyingi kuliko inavyolazimisha serikali, na kampuni ya mafuta inayojiunga lazima iitie kwenye daraja zote, ya 87 ikiwemo. Kwa hiyo 87 ya sheli yenye nembo hiyo inaweza kuwa safi kuliko 93 ya sheli isiyo nayo. Dola 32 za wiki hazinunui usafi wowote ambao shemeji asingeupata kwa kuvuka barabara tu.

Neno kwa ndugu walioko nyumbani, maana swali hili hunifikia pia kwenye simu kutoka Dar na Mombasa. Msichukue namba za huku mkazipeleka moja kwa moja kwenye tangi zenu. Namba ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani. Namba mnayoikuta huko, kama ilivyo Ulaya na Japani, ni kipimo kimoja, RON, ambacho husoma juu zaidi. Yetu ya 87 ni kama 91 au 92 ya huko. Yetu ya 93 inakaribia 98. Mtu akisoma ushauri wa Mmarekani kwamba "91 inatosha" kisha akatafuta 91 ya RON, amelipa gari petroli hafifu akidhani ametii. Na kwa magari ya Japani angalieni mfuniko wa tangi kabla ya kumuuliza fundi. Huko ya kawaida huanzia RON 89 na ya juu huanzia 96, kwa hiyo Harrier ya kawaida ya lita 2 isiyo na turbo, iliyozoea ya chini huko ilikotoka, haina sababu ya kunyweshwa ya bei ghali. Harrier ya turbo ni habari nyingine. Hiyo kwao iliandikiwa ya juu.

Kwangu mimi, baada ya yote haya, gari la "inapendekezwa" linalopeleka watoto shule na mama sokoni lijazwe 87 bila hofu, na sikio liwe wazi. Ukisikia zile kokoto unapopanda daraja, jaza ya juu mara mbili tatu. Zikiendelea hata kwa premiamu, lipeleke gari kwa fundi, kwa sababu hapo tatizo si petroli tena. Kwa gari la kazi kama la shemeji jibu langu linafuata kalenda, yaani joto la msimu.

Alilikubali nusu. Kuanzia Oktoba hadi Mei anajaza 87. Miezi ya joto alitaka kuhamia 89 kama njia ya kati, nikamwonyesha kwamba kwenye sheli nyingi 89 haina tangi lake chini ya ardhi: pampu inachanganya 87 na 93 papo hapo. Ukichanganya mwenyewe sehemu mbili za 87 na moja ya 93 unaipata hiyohiyo kwa senti 27 juu ya bei ya kawaida. Siku ile kitufe cha 89 kilikuwa kinadai 40. Basi siku za Galveston, Juni mpaka Septemba, anasimama pampu na kalkuleta ya simu, galoni 16 za hii, galoni 8 za ile, wenye haraka wakimpigia honi nyuma. Siku ya gari kujaa watu na masanduku, bado anabonyeza 93 tupu, na mimi nimeacha kumuuliza.