Data ya samaki ikae WhatsApp ama KoboToolbox?

Ukipiga stori na watu wa utafiti wa Ziwa Victoria hapa Kisumu utaskia kambi mbili. Kuna wale wanasema WhatsApp inatosha, kila mtu ako nayo, mpimaji wa samaki kule ufuo wa Usenge anapiga picha ya mzani anarusha kwa grupu, kazi imeisha. Wengine wanasema huo ni mchezo, data iende KoboToolbox ama ODK (app za kujaza fomu kwa simu), marejeo Zotero (ya kupanga vitabu na makala), ripoti Google Docs ndio wa Kisumu, Mwanza na Jinja waandike pamoja.

Kusema ukweli grupu inadharauliwa bure. Mtu akikwama ufuoni anauliza na anajibiwa hapo hapo, hiyo Kobo haikupi. Shida ni data ikibaki huko. Ukituma picha ya kawaida WhatsApp inaifinya na GPS iliyokuwa ndani inapotea (tuma kama dokyumenti basi), alafu baada ya miezi sita nani ataskroli kutafuta uzito wa mbuta (sangara) katikati ya good morning na michango ya matanga? Na namba za wavuvi ziko kwa simu ya kila mtu, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

ODK inajaza fomu bila netiwaki, inatuma ukipata mtandao, kwa mtu ako kisiwa cha Mfangano hiyo ni kubwa sana. Lakini fomu hutengenezwa na mtu wa ofisi, mpimaji anakuta omena (dagaa) imenyeshewa ikiwa nusu kavu na hakuna mahali pa kuandika hiyo, so anachagua tu "kavu" anasonga. Kwa grupu angeisema.

Hapo ndio naona tunabishania kitu si chenyewe. Kwa hili ziwa, sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, karibu nusu ni ya Tanzania na iliyobaki ni Uganda, na ile hesabu ya wavuvi na maboti nchi zote tatu zimekuwa zikifanya tangu 2000, kitambo kabla smartphone zijae, kwa sababu walikubaliana kwanza wanahesabu nini na vipi. Mmoja akiandika ndoo na mwingine kilo, Kobo itakukusanyia tu hiyo fujo haraka zaidi.

Mimi ningeacha maswali kwa grupu, data kwa fomu, na kabla ya kununua tableti ningelipia wapimaji nauli wakuje Kisumu wabishane ndoo moja ya omena mbichi ni kilo ngapi.